Mke Yuko Bafuni: Dhana na Ukweli Kuhusu Kapo Feki Mtandaoni

Wanaotafuta kapo nyingine mtandaoni kwa ajili ya kubadilishana wenza wameshaonywa sana kuhusu matapeli, ila wameonywa kuhusu tapeli wa watu wengine. Wanajihadhari na mrembo anayeomba nauli na ya kutolea, kumbe anayewazungusha zaidi ni mwanaume mmoja mwenye kazi yake na kitambi chake, anayejiandika "sisi".

Dhana: Akaunti feki inajulikana kwa picha.

Picha ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Huyu "sisi" hahitaji kuiba picha za mwanamitindo. Ana picha za mpenzi waliyeachana naye, zimepigwa sebuleni kwake, na zulia na pazia ni vyake kweli. Ukizipitisha kwenye Google Lens au TinEye, zinazotafuta picha ilikowahi kuwekwa mtandaoni, hupati kitu, maana hazijawahi kuwekwa hadharani. Utafutaji wa namna hiyo humnasa aliyeiba picha mtandaoni, lakini ukikosa jibu hujathibitisha lolote. Tena tangu 2019 ipo tovuti inayokutolea sura mpya iliyotengenezwa na kompyuta kila unapoifungua, sura ya mtu asiyewahi kuzaliwa.

Dhana: Anayeficha uso ana jambo.

Analo, ndiyo: ana ajira, ana wakwe, ana kwaya. Kapo za kweli hukata picha shingoni na kufunika tatuu. Mimi humwogopa zaidi anayemwaga uso na utupu siku ya kwanza bila kuombwa. Kama picha ni zake, hatazionea uchungu zako. Kama si zake, hana cha kupoteza.

Dhana: Kapo ni kapo, mmoja akiongea inatosha.

Hapa ndipo wengi wanapoliwa, na sisi tuliliwa. Jamaa aliandika: "Mambo zenu? Cc ni kapo, mi 38, waifu 33. Ana aibu kidogo ila picha zenu kazipenda balaa." Tukamwomba mkewe apige simu asalimiane na mke wangu, dakika mbili tu.

"Yuko bafuni."

Kesho yake alikuwa amelala. Jumamosi alikuwa msibani. Tulipombana Jumatatu, "mke" akaandika mwenyewe, kwa "xaxa" na "cjui" zilezile za mumewe, na swali lake la kwanza kwa mke wangu likawa anavaa sidiria saizi gani.

Mke wangu alicheka, akaniambia hakuna mwanamke anayeanza hivyo na watu asiowajua. Wanawake tuliokutana nao baadaye walianza kwa kumhoji: mna muda gani pamoja? Wazo lilitoka kwa nani? Mmoja wenu akisema basi, mnaondoka wote? Mwanaume anayejifanya mke hayaulizi hayo kwa sababu hayamhusu. Yeye anataka picha, na anataka kuongea na mwanamke wako faragha.

Kwa hiyo kipimo chetu kikawa sauti mbili zinazosikika kwa wakati mmoja, wakikatizana, mmoja akimsahihisha mwenzake ni lini walihama nyumba. Ujumbe wa sauti uliorekodiwa hatuuhesabu, maana unaweza kuwa wa yeyote.

Dhana: Simu ya video inamaliza ubishi.

Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, mjini Hong Kong, alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambacho "wakubwa" wake walikuwa sura bandia. Anayekutafuta wewe na mkeo pengine hatafika huko. Atakuchezea video iliyorekodiwa kwa sekunde kumi, kisha "mtandao unasumbua". Waombe kitu ambacho hakikuandaliwa: mke aandike siku ya leo kiganjani, mume amshike bega, wote wawili wakiwa mbele ya kamera moja. Wa kweli watanung'unika kidogo, watafanya.

Dhana: Tovuti ya kulipia imeshachuja.

Waulize waliolipia Ashley Madison, mtandao wa walio kwenye ndoa wanaotafuta mahusiano ya pembeni. Mwaka 2015 wadukuzi walimwaga data za mamilioni ya wateja wake, wakiwemo waliolipa dola 19 ili wafutwe kabisa. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.6 kumaliza shauri la mamlaka za Marekani, ambazo pamoja na mengine ziliilalamikia kwa kutumia akaunti za wanawake wa bandia kuwavuta wanaume walipie. Yaani feki zilitoka kwa mwenye duka. Tangu nisome hayo, jina langu halisi na namba yangu ya kila siku haviingii kwenye tovuti yoyote ya namna hii.

Dhana: Asiyeomba hela si tapeli.

Atakuja kuomba akishakuwa na picha: lipa, la sivyo naituma kwa ndugu zako. Ukilipa, umemwonyesha kwamba unalipika. Acha kujibu, hifadhi ujumbe wote, kisha ripoti. Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamtoza anayesambaza picha ya faragha ya mtu faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Tanzania, sheria ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, kwa hiyo fikiria pia wewe mwenyewe unarusha nini na wapi. StopNCII, huduma ya bure iliyoanza 2021, hutengeneza alama ya kidijitali ya picha yako ili mitandao inayoshirikiana nayo iizuie, na picha yenyewe haitoki kwenye simu yako.

Dhana: Wakikubali kukutana, basi ni wa kweli.

Yule jamaa alikubali. Tulichagua mgahawa wenye watu, saa kumi jioni. Alifika kwa wakati, amechana vizuri, ananukia, akavuta viti viwili na kuweka koti lake kwenye kimoja. Mke alikuwa amekwama kwenye foleni. Saa kumi na moja bado foleni. Saa kumi na mbili kasoro mke wangu akamwomba ampigie ili tumwelekeze njia, na simu iliyoita ilikuwa ndani ya mfuko wa lile koti.