Nairobi hadi New York: saa za kwenye tiketi si saa za safari

Januari moja mama fulani alinionyesha tiketi yake ya kwenda New York kumwona mjukuu. Kuondoka Nairobi 23:25, yaani saa 5:25 usiku. Kutua 06:25, saa 12:25 asubuhi. Alihesabu kwa vidole akapata saa 7. Vidonge vyake vya presha, anavyomeza kila baada ya saa 12, alikuwa amevifungia kwenye sanduku kubwa, lile linaloingia tumboni mwa ndege. "Nitameza nikifika, mwanangu."

Kutoa alitoa sawasawa. Lakini tiketi huandika saa ya kila mji kwa majira ya mji huohuo. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa 8, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wanaposogeza saa zao mbele, iko nyuma kwa 7. Kwa hiyo ndege inapoiacha Nairobi saa 5:25 usiku, huko bado ni saa 9:25 alasiri. Hesabu kutoka hapo hadi saa 12:25 asubuhi: saa 15. Ndivyo ilivyo safari hii ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 28, 2018. Kurudi huchukua kama saa 14.

Je, njia ya kurudi ni fupi? Hapana. Umbali ni takriban kilomita 11,800 kwenda, na ni huohuo kurudi. Ukitaka kuuona, usitumie ramani ya ukutani. Chukua tufe na uzi. Vuta uzi ukaze kati ya miji hiyo miwili nao utapanda Uganda na Sudan Kusini, ukate Chad, Niger na Algeria, uvuke Morocco ndipo uingie Atlantiki. Rubani hukwepa hapa na pale, ila umbo la njia ni hilo.

Kinachobadilisha saa ni upepo, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku kama mtabiri wa hali ya hewa ya anga. Kule juu, kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi ya kaskazini mara nyingi hupita kilomita 200 kwa saa. Anayekwenda Marekani hukutana nao usoni. Mabaharia wetu wa pwani wanaujua upepo wa namna hiyo: mbisho. Chukua ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa. Ikipigwa na mbisho wa 100, kilomita 6,000 itazimaliza kwa saa 7 na nusu. Upepo huohuo ukiwa mgongoni, kwa saa 6. Ndiyo maana abiria wa kurudi huona rubani akitangaza kufika mapema, na wa kwenda wakati mwingine huchelewa bila kosa la mtu yeyote.

Nilimwomba yule mama aache saa yake ya mkononi kwenye majira ya Nairobi mpaka atue, ahesabu dozi kwa hiyo, na amuulize daktari wake kuhusu kuhamia saa za huko. Alilifungua sanduku palepale, akavitoa vidonge chini ya kanga alizokuwa akimpelekea binti yake, akavitia kwenye mkoba wa mkononi.