Jamani, sumu kwa watoto sio habari ya kinga

Kila ikitajwa risasi (ile metali yenye sumu, siyo ya bunduki) kwenye rangi za ukuta, au dawa za wadudu, lazima atokee mtu aseme watoto wanaathirika zaidi "kwa sababu kinga yao bado ndogo", na wengine wote wanaitikia. Hapana jamani.

Sababu yenyewe ni fupi tu: mtoto na mtu mzima wakikaa chumba kimoja, hewa ileile na maji yaleyale, kwa kila kilo ya mwili mtoto anaingiza sumu nyingi zaidi, mara nyingi anaifyonza zaidi, na inamkuta ubongo bado unajengwa.

Sasa hiyo kinga. Kazi yake ni kupambana na vijidudu, bakteria, virusi na wenzao. Risasi ni metali, haina uhai, seli nyeupe zitaiua vipi? Wanaohangaika na kemikali mwilini ni ini na figo, na kweli kwa mtoto mchanga havijakomaa, ila hata hapo msikimbilie kuhitimisha, maana kuna kemikali ambazo zinakuwa sumu baada ya ini kuzigeuza, kwa hizo ini changa saa ingine linamsaidia mtoto.

Kinachosahaulika ni hesabu. Mtoto mchanga wa maziwa ya kopo anakunywa kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani mtu mzima wa kilo 70 angetakiwa anywe zaidi ya lita 10! Maji ya kisima yakiwa na nitrati nyingi (kemikali inayotoka kwenye mbolea na vinyesi), wewe unakunywa glasi zako unaendelea na kazi, yeye damu inashindwa kubeba oksijeni anageuka rangi ya bluu. Pumzi nayo, mchanga anavuta 30 hadi 60 kwa dakika, wewe 12 hadi 20. Halafu akianza kutambaa anaishi sakafuni kwenye vumbi na mkono uko mdomoni muda wote. Risasi akiimeza, utumbo wake unaweza kufyonza hadi nusu, wa mtu mzima ni kama asilimia 10, kwa sababu mwili unaokua unatafuta kalsiamu kwa nguvu na risasi inapita njia hiyohiyo. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Msione nabishania maneno. Anayeamini tatizo ni kinga atanunua vitamini za kuongeza kinga, huku sakafu anaifagia kavu vumbi linatimka, wakati kitambaa kilicholowa na kumnawisha mtoto mikono kabla ya kula ndo vingepunguza kinachoingia mdomoni. Kwa hiyo ukitaka sababu ya haraka ya kumpa mtu, sema mtoto anapata dozi kubwa kuliko wewe hata kama mko chumba kimoja. Kinga tuiache kwenye mambo ya surua na mafua.