Ushabiki unaopofusha huanzia wapi

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi ya saikolojia ya jamii, na kwamba nimetumia miaka mingi kuchunguza makundi yenye msimamo mkali, swali la kwanza huwa hili: "Hao watu wana akili timamu kweli?" Naona usoni mwao wanatumaini nitasema hapana. Nasema ndiyo, wanazo, tena wengi wao. Mwendawazimu hupotea peke yake. Shabiki ninayemzungumzia hupotea akiwa katikati ya wenzake, analala usingizi mzuri, anayajua majina ya watoto wa jirani, na ukimwomba akusaidie kubeba mzigo atakubebea. Ndiyo maana ananitisha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Warumi walikuwa na neno fanaticus, lililotokana na fanum, yaani hekalu. Alikuwa mtu aliyeshikwa na nguvu ya mungu wa hekaluni. Sisi tungesema amepagawa. Picha hiyo ya mtu aliyeingiwa na kitu kutoka nje imedumu mpaka leo, nami naamini inatupotosha. Tunakimbilia kutafuta kilichomwingia: ni fundisho gani, ni kitabu gani, ni kiongozi gani. Tukikipata tunadhani tumemaliza, kumbe tumeishika hadithi mkiani.

Imani kali peke yake si ushabiki. Nawafahamu watu wenye imani isiyotikisika ambao ukiwauliza swali gumu watakaa nawe mpaka usiku. Ninapotaka kujua kama kundi limevuka mpaka, siangalii sana linaamini nini. Naangalia linamfanyia nini mwanachama wake anayeuliza. Kama aliyeuliza anajibiwa, hata kwa ukali, bado kuna hewa. Kama swali lake linageuzwa kuwa ushahidi kwamba ana tatizo, kwamba ametumwa au amechafuka moyo, basi hapo hewa imeanza kuisha.

Kwamba maudhui ya imani si kiini cha jambo, nilishawishika nayo niliposoma habari za Konstantinopoli, mji mkuu wa Warumi wa mashariki, Istanbul ya leo. Wakazi wa jiji lile waligawanyika kwa rangi za waendesha magari ya farasi ya mashindano, Buluu na Kijani. Procopius, mwanahistoria aliyeishi zama hizo, anaeleza kwa mshangao kwamba uadui wao haukuwa na sababu wala haukukoma; haukujali ndoa wala urafiki, na hata ndugu wa damu walikuwa maadui wakiwa wa rangi tofauti. Januari 532 serikali ilijaribu kuwanyonga wakorofi kadhaa, wawili wakanusurika, mmoja wa Buluu na mmoja wa Kijani, na kambi hizo mbili zikaungana dhidi ya Mfalme Justinian zikipiga kelele ya uwanjani: "Nika!", yaani "Shinda!" Sehemu kubwa ya jiji iliteketea. Askari walipowazingira watu ndani ya uwanja wa mashindano, waliouawa walikadiriwa na Procopius kuwa zaidi ya 30,000. Hasira dhidi ya kodi na maofisa wa mfalme ilichangia, hilo silikatai. Lakini ule moto wa kila siku kati ya Buluu na Kijani ulikuwa umewaka muda mrefu kabla, na kuni zake zilikuwa rangi.

Mwanasaikolojia Henri Tajfel alijaribu kupima jambo hilo hilo. Alikuwa Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepigana katika jeshi la Ufaransa, akashikwa mateka na Wajerumani, na vita vilipokwisha akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Swali lake halikuwa la darasani tu. Katika majaribio aliyochapisha mwaka 1970, wavulana wa Bristol, Uingereza, wenye miaka 14 na 15 waliambiwa wamegawanywa kwa mambo ya kipuuzi, kwa mfano kama walipenda picha za mchoraji Klee au za mchoraji Kandinsky. Ukweli ni kwamba walipangwa kwa bahati nasibu. Hawakujua nani wenzao wala nani wa upande wa pili. Kisha kila mmoja akapewa nafasi ya kugawa pointi zenye thamani ya fedha kwa wengine, bila yeye mwenyewe kupata chochote.

Waliwapendelea wa kwao, na hilo wengi hulitarajia. Lililonikaa moyoni ni jingine. Mara nyingi walichagua mgawo ambao uliwapa wenzao fedha kidogo kuliko ambazo wangeweza kupata, mradi tu upande wa pili upate pungufu kuliko wao. Walikubali hasara ili pengo libaki. Hakukuwa na historia ya ugomvi wala kiongozi wa kuwachochea. Kulikuwa na jina la kundi, basi.

Kila mmoja wetu ana mbegu hiyo, na kwa wengi haioti. Inayoiotesha, kwa kadiri ninavyoelewa, ni gharama. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walionyesha kwamba wanafunzi waliopitishwa kwenye jaribio la aibu kabla ya kukubaliwa kwenye kikundi cha majadiliano walikisifu kikundi hicho kuliko walioingia kwa urahisi, ingawa majadiliano yenyewe yalikuwa yametengenezwa yachoshe makusudi. Nimeteseka kwa ajili ya kitu hiki, kwa hiyo lazima kina thamani: hivyo ndivyo moyo unavyojihesabia. Makundi yenye msimamo mkali yanaijua hesabu hii bila kusoma saikolojia. Yanaomba kidogo leo na zaidi kesho. Muda, kisha fedha, kisha marafiki wa zamani, kisha ndugu. Kila kinachotolewa kinafanya kauli ya "nilikosea" iwe ghali zaidi, mpaka inafika siku ambayo kukiri kosa ni kukiri kwamba umeyatupa maisha yako.

Peoples Temple, kanisa la mhubiri Jim Jones, ilianza Indiana, Marekani, katika miaka ya 1950 ikiwakusanya weusi na weupe ibada moja, wakati ambapo hilo lilihitaji ujasiri, na ikawalisha maskini na kuwatunza wazee. Watu wema walivutwa na wema. Walikabidhi mishahara na nyumba zao, na mwishowe wengi wakahamia Guyana, ambako hata pasipoti zao zilishikiliwa. Tarehe 18 Novemba 1978 walikufa hapo kwa sumu, kwa amri ya Jones, zaidi ya watu 900, theluthi moja watoto. Wengine walilazimishwa, kulikuwa na walinzi wenye silaha, na watoto hawakuchagua chochote.

Kuna kanda iliyorekodiwa siku ile. Mwanamke mmoja anasimama na kupinga: anasema watoto wanastahili kuishi, anauliza kama hakuna nchi nyingine ya kukimbilia. Jones anamjibu kwa maneno ya taratibu. Wanaomzomea na kumnyamazisha ni waumini wenzake. Kila nikifundisha somo hili nafika kwenye sehemu hiyo na kunyamaza kwa muda, kwa sababu nadhani hapo ndipo ushabiki ulipo: kiongozi hakuhitaji tena kufanya kazi ya kuziba midomo.

Kwa nini walimzomea? Mwanasaikolojia Solomon Asch anatusaidia. Katika majaribio yake ya miaka ya 1950 mtu aliwekwa kati ya wenzake waliokuwa wamepangwa kutoa jibu la uongo kuhusu urefu wa mistari, jibu ambalo macho yake mwenyewe yalilikataa. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kosa la wengi angalau mara moja. Lakini mtu mmoja tu kati ya wale waliopangwa alipotoa jibu la kweli, kuwafuata wengi kulishuka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Sauti moja. Kundi linaloishi kwa umoja wa sauti linaihisi hatari hiyo kabla hata ya kuifikiria. Anayezomea huenda ana shaka ile ile kifuani, na sauti ya mwenzake inatishia kuifungua.

Hii pia inaeleza kwa nini ushahidi hauvunji ushabiki kama tunavyotarajia. Mwaka 1665 Sabbatai Zevi wa Izmir alitangazwa kuwa Masihi, na msisimko ukaenea katika jumuiya za Wayahudi kutoka milki ya Waosmani hadi Ulaya ya kaskazini. Watu waliuza mali wakijiandaa kwa safari. Septemba 1666, mbele ya sultani, alisilimu. Usingeweza kutunga kanusho lililo wazi zaidi. Wengi walirudi nyumbani na uchungu wao. Lakini wapo waliosema kwamba kuasi kwake ndiyo siri yenyewe, kwamba Masihi alipaswa kushuka gizani, na mwaka 1683 familia kadhaa za Thessaloniki zikamfuata katika kusilimu huku zikiendelea kumwamini kwa siri. Simcheki mtu yeyote kati yao. Fikiria umeuza nyumba, umewaaga majirani, umemwambia mtoto wako kwamba dunia inageuka.

Nani huingia? Hapa watu hutaja umaskini na ujinga, nami nabisha kila mara. Viongozi wengi wa harakati kali wamesoma, na mamilioni ya maskini hawamdhuru mtu. Ninachokiona zaidi ni kile ambacho mwanasaikolojia Arie Kruglanski na wenzake wamekitafiti kwa muda mrefu: kiu ya kuwa mtu wa maana. Mtu aliyedhalilishwa, au aliyeona watu wake wakidhalilishwa, anabeba deni ambalo halilipiki kwa mkate. Kundi linamwambia: wewe si wa kutupwa, historia inakungoja. Wakati wa misukosuko, taratibu za zamani zinapoanguka na hakuna anayejua nafasi yake, sauti hiyo husikika mbali.

Ndiyo maana pia kuwanunua hakufai. Watafiti Jeremy Ginges, Scott Atran na wenzao waliwauliza Wapalestina na Waisraeli kuhusu makubaliano ya amani yanayogusa mambo ambayo kwao ni matakatifu. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2007, kuongeza fedha juu ya makubaliano kuliwakasirisha zaidi wale walioyaona mambo hayo kuwa matakatifu, na kuliongeza uungaji mkono wa vurugu. Upande wa pili ulipoonyeshwa ukitoa kitu chenye uzito wa heshima, kama kuomba radhi au kuachia dai lake lenyewe lililo takatifu, hasira ilipungua. Kitakatifu hakipimwi kwenye mizani ya soko.

Nimezungumza na watu waliotoka katika makundi ya namna hii, ya dini na ya siasa. Huwa nawauliza ni hoja gani iliyowatoa. Ni wachache sana wanaoweza kuitaja. Wengi hunitajia mtu: dada aliyeendelea kupiga simu siku za sikukuu bila kubishana, rafiki wa shule aliyesema "ukija wakati wowote, kitanda kipo". Mmoja aliniambia kwamba alijua ukweli miaka minne kabla ya kuondoka. Nilimuuliza alikuwa anangoja nini miaka yote hiyo. Akasema alikuwa hajui, akitoka, ataenda kulala kwa nani.