Makutano yanastahili mataa lini?

Ajali ikitokea njia panda hapa Dodoma, kabla vioo havijafagiliwa utasikia watu wakisema: "Hapa pawekwe mataa." Ni kauli ya uchungu, na nami nimeshaitoa. Lakini mhandisi wa barabara ana swali la kutangulia: makutano haya yanaumwa nini hasa, na mataa ndiyo dawa yake? Vipimo anavyotumia kulijibu ndivyo huitwa vigezo vya kuweka mataa.

Kiini cha jambo ni pengo. Chukua dereva wa bajaji anayetoka mtaani kuingia barabara ya Dar es Salaam. Akikata kushoto, anaangalia magari yanayotoka kuliani kwake, basi. Akikata kulia, anahitaji pengo pande zote mbili kwa wakati mmoja. Magari yakiwa machache, atalipata mara moja. Yakiwa mengi atasubiri, atasubiri, mwisho atajitosa, na hapo ndipo watu hugongwa ubavuni. Mataa hulitengeneza pengo hilo kwa lazima: yanawasimamisha wengi wa barabara kuu ili wachache wa barabara ndogo wapite. Kwa hiyo ni lazima ijulikane kama adha wanayoondolewa hawa inazidi ile wanayotwishwa wale.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kuhesabu. Mwongozo wa Marekani wa alama na taa za barabarani, kwa barabara mbili zenye njia moja kila upande, hutaka magari 500 kwa saa kwenye barabara kuu, pande zote mbili zikijumlishwa, na 150 kwa saa kwenye barabara ndogo, upande wenye magari mengi zaidi. Hali hiyo iwepo kwa saa 8 za siku ya kawaida. Kipo pia kipimo cha saa moja tu yenye msongamano mkubwa, lakini hicho kimewekewa sehemu kama viwanda au ofisi zinazomwaga watu kwa mkupuo. Ukipita Mtumba jioni, ofisi za wizara zikifungwa, utakielewa bila kufafanuliwa.

Hiyo "siku ya kawaida" kwetu inahitaji uangalifu. Bunge la bajeti likikaa, Aprili hadi Juni, mji hufurika. Wanafunzi wa UDOM wakienda likizo, baadhi ya njia hupwaya. Anayehesabu wiki moja tu anaweza kupata mji usio wetu. Na bodaboda haiwezi kuhesabiwa sawa na lori la tela, kwa kuwa haichukui nafasi ile ile wala haiondoki kwa mwendo ule ule.

Kigezo kinachonigusa zaidi ni cha watoto wa shule. Huhesabiwa mapengo ambayo mtoto anaweza kuvuka kwa usalama wakati wa kwenda au kutoka shule. Mapengo yakiwa machache kuliko dakika za kipindi hicho, na wavukaji wakifika angalau 20 katika saa yenye watoto wengi, hoja ya mataa inasimama. Hapo magari hayahitaji kufika 500.

Kuhusu ajali, toleo la 2009 la mwongozo huo lilitaja 5 au zaidi ndani ya miezi 12, tena za aina ambayo mataa yangeizuia, na baada ya njia nyepesi kujaribiwa zikashindwa. Sharti hilo lina sababu. Mataa hupunguza kugongana ubavuni, lakini yanaweza kuongeza kugongwa kwa nyuma: lori lenye shehena likija kasi kutoka Singida halisimami papo kwa papo taa ikigeuka nyekundu. Wakati mwingine kinachotakiwa ni kuondoa kibanda kinachoziba macho ya dereva, kuweka kibao cha kusimama, au kujenga kipilefti, ambacho hakitegemei umeme na hakimsimamishi mtu usiku wa manane barabara ikiwa tupu.

Hata vigezo vikitimia, mwongozo wenyewe unasema hiyo pekee si amri ya kuweka mataa.

Wakazi wanaotaka kuomba, kwanza wajue barabara ni ya nani: barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za mijini na vijijini chini ya TARURA, na njia panda nyingi hukutanisha zote mbili. Kisha wakae pale na daftari: wangapi wanakata kulia, saa ngapi, watoto wangapi wanavuka.