Pauaho si woga

Katika orodha za maneno ya Kihawaii zinazosambazwa mtandaoni, pauaho huwekwa kundi moja na makaʻu, kisha yote mawili yanafasiriwa kwa neno moja: woga. Nimeshaliona kosa hili mara nyingi mno.

Kwa ufupi, pauaho ni kuishiwa pumzi, na kutoka hapo ni kukata tamaa, kulegea kabla jambo halijafika mwisho. Makaʻu ndiyo hofu yenyewe.

Pau ni kwisha, aho ni pumzi. Wapo wanaoshikilia kwamba aho hapa ni uzi wa kuvulia samaki, kwa kuwa uzi huo nao huitwa aho, na kisa cha mvuvi aliyeishiwa uzi samaki akizidi kuzama kinanoga kusimulia. Lakini mtazame ndugu yake neno hili: ahonui, yaani aho pamoja na nui, kubwa. Ahonui ni subira. Wahawaii humhesabu mvumilivu kuwa mtu mwenye pumzi nyingi, na pauaho ni yule ambaye pumzi hiyo imemwishia njiani. Huenda alianza bila hofu yoyote. Huenda hata sasa haogopi kitu, ila amechoka. Ukimwita mwoga unamvunjia heshima bure, na Kihawaii kina msamiati wake wa woga na ushujaa: asiyeogopa ni wiwo ʻole, shujaa ni koa.

Maʻule nalo huonewa vivyo hivyo. Ni kuzirai, kuhisi kizunguzungu, na pia kunyong'onyea moyo. Alama ile ya katikati, ʻokina, si pambo. Ni konsonanti, sauti inayokatwa kooni. Alfabeti iliyokubaliwa mwaka 1826 haikuihesabu miongoni mwa herufi zake, na magazeti ya Kihawaii ya karne ya 19 mara nyingi hayakuiandika, ndiyo maana wengi bado wanaiacha. Sisi tunaoandika ng'ombe tunajua alama ndogo kama hiyo inabeba nini. Nāwaliwali, kwa upande wake, ni udhaifu tu, hasa wa mwili, na halina ugomvi.

Kwa hiyo mtu akisema "ua pauaho au", fasiri "nimekata tamaa", au "pumzi zimeniishia". Na ukiandaa orodha yako, tafadhali liondoe pauaho kando ya makaʻu ulihamishie kwenye mstari wa ahonui.