Watakatifu Wanaombwa Nini Hasa? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Maombezi Yao

Ukitaka kujua Mkatoliki anamwomba mtakatifu kitu gani, usianzie kwenye mabishano. Sikiliza Litania ya Watakatifu inavyoimbwa katika mkesha wa Pasaka au siku ya kuwekwa wakfu mapadre. Inaanza kwa Bwana, na jibu ni "utuhurumie". Kisha yanafuata majina: Maria, Yosefu, Petro na Paulo, Perpetua na Felisita, Augustino, na kila jina linajibiwa "utuombee". Halafu sala inarudi kwa Kristo na jibu linabadilika tena. Yeye ndiye anayeombwa kuokoa. Katika litania nzima hakuna mtakatifu anayeombwa huruma wala wokovu, hata Mama wa Yesu. Anaombwa aombe, basi. Dhana nyingi potofu huzaliwa pale mpaka huu usipoonekana, na wakati mwingine hauonekani kwa sababu Wakatoliki wenyewe wameufuta.

Dhana: "Wakatoliki wanaabudu watakatifu"

Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulilikata jambo hili: kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Watakatifu na sanamu zao hupewa heshima, na heshima ya sanamu humwendea yule aliyechorwa. Kwa Mkatoliki tendo kuu la kuabudu ni sadaka ya Misa, na Misa haitolewi kwa mtakatifu yeyote. Sala ya Ekaristi huelekezwa kwa Mungu Baba. Hata siku ya sikukuu ya mtakatifu, sala ya mwanzo humtaja tu, kisha ikamwomba Mungu na kumalizia kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo. Mtakatifu Augustino aliulizwa jambo hili hili zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akajibu kwamba altare hazijengwi kwa ajili ya mashahidi (waliouawa kwa ajili ya imani) bali kwa Mungu wa mashahidi, ingawa zimejengwa kwa kumbukumbu yao.

Tofauti hiyo imo hata katika ishara za mwili, na ni rahisi kuikagua kwa macho. Kwa taratibu za Misa, chetezo cha ubani hutikiswa mara tatu mbele ya Ekaristi, msalaba wa altareni na picha ya Bwana iliyowekwa hadharani. Mbele ya masalia (mabaki ya miili au vitu vyao) au picha za watakatifu hutikiswa mara mbili. Kupiga goti katika liturujia ni kwa Ekaristi, na kwa Msalaba kuanzia ibada ya Ijumaa Kuu hadi mkesha wa Pasaka. Likitajwa jina la Maria au la mtakatifu anayeadhimishwa katika Misa hiyo, kinachotakiwa ni kuinamisha kichwa tu. Taratibu hizohizo zinaonya sanamu zisirundikwe kanisani ovyo, na kwa kawaida mtakatifu mmoja asiwe na sanamu zaidi ya moja. Parokia yenye sanamu tatu za mtakatifu mmoja, kila moja na mishumaa yake, haiwezi kulaumu wageni wakishindwa kuelewa.

Dhana: "Mpatanishi ni mmoja, hivyo kuomba maombezi ni kumpora Kristo"

Andiko ni 1 Timotheo 2:5, na Wakatoliki hawalipingi: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Ila lisomwe pamoja na jirani zake. Mstari wa 6 unaeleza upatanisho huo ni upi: alijitoa mwenyewe kuwa ukombozi. Hakuna mtakatifu aliyejitoa kuwa ukombozi wa mtu. Na mstari wa 1 wa sura hiyohiyo unaagiza maombezi yafanywe kwa ajili ya watu wote. Kama kumwombea mwenzako kungekuwa kumpora Kristo nafasi yake, Paulo angekuwa amejipinga ndani ya mistari mitano, yeye ambaye katika barua kwa Waroma (15:30) anawasihi wasomaji wapigane pamoja naye katika maombi.

Sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa inaweka jambo hili wazi kuliko vitabu vingi vya utetezi: "...nakuomba Maria mwenye heri, Bikira daima, Malaika na Watakatifu wote, nanyi ndugu zangu, mniombee kwa Bwana Mungu wetu." Aliye mbinguni na jirani wa benchi la pili wanaombwa kitu kimoja, ndani ya sentensi moja. Anayemwendea mchungaji wake na kusema "niombee" amekwisha kukubali msingi wote wa hoja. Kinachobaki kubishaniwa ni kama kifo kinakata uhusiano huo.

Dhana: "Hao wamekufa, na Biblia imekataza kuomba wafu"

Hii ndiyo hoja nzito, na haifai kujibiwa kwa haraka. Kumbukumbu la Torati 18:11 katika tafsiri ya Union inamkataza "mtu awaombaye wafu". Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo ana haki ya kushtuka. Tazama lakini yamewekwa kundi gani: mtazama bao, mbashiri, msihiri, mpandisha pepo, mchawi. Orodha hiyo inahusu uchawi na kutafuta habari zilizofichika kwa njia za siri. Kosa lenyewe tunaliona likitendeka katika 1 Samweli 28, Sauli anapomwendea mwanamke wa Endori usiku ili Samweli apandishwe amwambie vita vitaendaje. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataza mambo hayohayo: kupandisha wafu, nyota za bahati, kusoma viganja. Anayesema "Mtakatifu Yosefu, utuombee" hasubiri sauti, haulizi kesho itakuwaje, hamwiti aje. Ikiwa anafanya hivyo, amevunja Kumbukumbu la Torati na Katekisimu kwa pamoja, na rozari aliyoishika mkononi haimwokoi.

Wengine huleta Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Mhubiri anaelezea mambo yanavyoonekana "chini ya jua", kabla ufufuko wa Kristo haujajulikana. Yesu anawajibu Masadukayo kwamba Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo si Mungu wa wafu bali wa walio hai, na Luka 20:38 inaongeza kwamba wote huishi kwake. Mlimani, Musa aliyekufa na kuzikwa anazungumza na Yesu kuhusu kifo kinachomngoja Yerusalemu (Luka 9:30-31). Katika Ufunuo 6:9-10 roho za waliouawa zinalia "hata lini", maana yake zinafahamu kwamba hukumu bado duniani. Na katika Ufunuo 5:8 wazee 24 wameshika vitasa (bakuli) vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Andiko hilo halisemi kwamba maombi hayo yalielekezwa kwa wazee, na mtetezi anayelisukuma hadi huko anakosea. Linasema jambo dogo zaidi: waliomo mbinguni hawako mbali na sala zinazopanda.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote uko 2 Makabayo 15:12-16, ambapo Yuda Makabayo anaona katika maono kuhani Onia na nabii Yeremia, wote wamekwisha kufa, wakiliombea taifa. Kwa kuwa kitabu hicho hakimo katika Biblia ya Waprotestanti wengi, kukitaja peke yake katika mjadala hakusaidii kitu.

Dhana: "Ili awasikie mamilioni kwa wakati mmoja, Maria itabidi awe Mungu"

Idadi ya wanaosali ni kubwa, lakini ina kikomo. Kujua kitu chenye kikomo hakuhitaji akili isiyo na kikomo. Kunahitaji akili iliyosaidiwa. Mafundisho ya Kanisa si kwamba watakatifu wana masikio ya ajabu. Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, anaeleza kwamba wanayajua maombi yetu katika kumwona Mungu, kwa sababu yeye anawajulisha yanayowahusu. Uwezo huo wamepewa, na Mungu akiuondoa hawasikii chochote.

Dhana: "Ni uzushi wa zama za kati"

Chini ya kanisa la Mtakatifu Sebastiano, njia ya Appia, Roma, wachimbaji walikuta mwaka 1915 ukuta wenye mamia ya maandishi yaliyokwaruzwa na mahujaji wa karne ya 3. Mengi ni mafupi, ya aina hii: Paulo na Petro, mwombeeni fulani. Wakristo hao waliishi kabla ya Konstantino, kaisari wa Roma aliyeruhusu Ukristo, wakati imani yenyewe iliweza kumgharimu mtu kichwa. Kabla yao, barua iliyoeleza kifo cha Polikarpo, askofu wa Smirna, katikati ya karne ya 2, ilikwisha kuchora mpaka: Kristo tunamwabudu kama Mwana wa Mungu, mashahidi tunawapenda kama wanafunzi wake. Desturi hii haikubaki kwa Wakatoliki tu. Waothodoksi, Wakopti, Waarmenia na Waethiopia wanayo, ingawa waliachana na Roma, wengine tangu karne ya 5.

Sala ya "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu" nayo ni ya kale. Maandishi yake ya Kigiriki kwenye kipande cha papiri yanatunzwa katika maktaba ya John Rylands, Manchester. Baadhi ya wataalamu huyaweka karne ya 3, wengine baadaye. Hiyo ndiyo sala ambamo Maria anaambiwa "tuokoe". Ni lugha ya mtoto anayekimbilia kwa mama. Kanisa huielewa ndani ya mafundisho yake yote: anaokoa kwa kuomba. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulisema wazi kwamba majina kama Mwombezi na Msaidizi hayapunguzi wala hayaongezi kitu katika hadhi na nguvu ya Kristo, Mpatanishi mmoja.

Dhana: "Yesu ni hakimu mkali, Maria atamlainisha"

Hii inaishi ndani ya Kanisa zaidi kuliko nje, na ni mbaya kuliko zile zilizotangulia. Inamfanya Mungu afanane na bosi mwenye hasira anayehitaji kubembelezwa na watu wake wa karibu. Mtakatifu hana huruma ambayo hakuipata kwa Mungu, na hawezi kutaka kitu ambacho Mungu hakitaki. Thoma anasema hatusali ili kubadili mpango wa Mungu, bali kupata yale aliyopanga yapatikane kwa njia ya sala. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ayubu: Mungu mwenyewe anawaambia Elifazi na wenzake wamwendee mtumishi wake awaombee (Ayubu 42:8). Angeweza kuwasamehe moja kwa moja. Alipenda wasamehewe wakiwa wamepatana na waliyemkosea.

Na je, Mkatoliki analazimika kuwaomba watakatifu? Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, ulichagua maneno kwa uangalifu: ni jambo jema na lenye manufaa. Haukusema bila hilo mtu haokoki. Asichoweza Mkatoliki ni kulilaani kama ibada ya sanamu.

Dhana: "Ukifuata masharti, ombi lazima lijibiwe"

Novena ni siku 9 za sala, kwa kumbukumbu ya siku ambazo mitume walidumu katika kusali pamoja na Maria kati ya kupaa kwa Bwana na Pentekoste (Matendo 1:14). Namba haina nguvu ya pekee. Ukisahau siku ya 5, endelea; hakuna kilichoharibika. Katekisimu, namba 2111, inaita ushirikina kule kudhani kwamba sala inafanya kazi kwa sababu ya kutamkwa tu, bila moyo unaotakiwa. Kwa kipimo hicho, ujumbe wa simu unaotaka novena ya Mtakatifu Yuda (mtume Yuda Tadei, si Iskarioti) isambazwe kwa watu 12 la sivyo utapata balaa ni ushirikina. Kufukia sanamu ya Yosefu kichwa chini ili nyumba iuzike ni ushirikina vilevile, na kumwadhibu Mtakatifu Antoni, anayeombwa kwa vitu vilivyopotea, kwa kugeuza picha yake ukutani mpaka funguo zionekane.

Namna iliyonyooka ni fupi. Anza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mwite mtakatifu kwa jina, taja shida yako kwa maneno ya kawaida, mwombe akuombee. Mwachie Mungu namna ya kujibu, kisha sali Baba Yetu. Kipimo kizuri ni hiki: mtakatifu ambaye hujawahi kutamani kuiga hata fadhila yake moja, unamtumia tu.

Dhana: "Papa ndiye anayewafanya watu kuwa watakatifu"

Papa anatangaza; hafanyi. Kwa kawaida miaka 5 ipite tangu mtu afariki ndipo uchunguzi uanze, ingawa Papa anaweza kuufupisha muda huo. Maisha na maandishi huchunguzwa. Asiyekuwa shahidi huhitaji muujiza mmoja ili atangazwe Mwenyeheri, na mwingine uliotokea baada ya hapo ili atangazwe Mtakatifu. Muujiza wa uponyaji hupita kwa madaktari kwanza: ugonjwa uwe mzito, kupona kuwe kwa haraka, kamili, kwa kudumu, na sayansi isikueleze. Hapa kesi inaweza kuharibika kwa sababu rahisi. Familia imewaomba watakatifu sita kwa pamoja, na haiwezekani tena kuonyesha kwamba mgonjwa alipona kwa maombezi ya huyu mmoja anayechunguzwa.

Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, naye hakufutwa utakatifu mwaka 1969, kama inavyosemwa. Kumbukumbu yake iliondolewa kwenye kalenda ya Kanisa zima. Jina bado limo katika Martirolojia ya Roma, orodha rasmi ya Kanisa ya watakatifu na mashahidi.

Basi vipi mama au babu aliyefariki akiwa mcha Mungu, ambaye hakuna atakayemchunguza? Faraghani, ruksa kumwambia akuombee, huku ukiendelea kumwombea yeye pia, maana hujui kama bado yuko toharani (hali ya kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni). Hadharani hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1187, inaruhusu heshima ya hadhara kwa Watakatifu na Wenyeheri waliotangazwa tu: jina lake lisiingizwe katika litania ya jumuiya, na picha yake isiwekwe altareni wala kuchorewa duara la mwanga kichwani.