Ile ndege ya "pengwini" haikushindwa kuruka, ilikatwa mbawa makusudi

Kuna picha ya zamani huwa inazunguka mtandaoni, ndege ya vita ya kwanza ya dunia ina vibawa vifupi kama mikono ya mtoto, na chini watu wanacheka eti mainjinia walikosea hesabu ikagoma kupaa. Hapana jamani.

Ile ni ndege ya mafunzo. Wafaransa kwenye shule zao za jeshi kama Avord walichukua ndege aina ya Blériot, ya Kifaransa, wakaikata mbawa ili isiweze kuruka, halafu wakaiita pengwini, jina la yule ndege wa baharini mwenye mbawa asiyeruka. Kiti kimoja tu, mwalimu anabaki nje uwanjani, wewe unaongeza mafuta mkia unanyanyuka unakimbia kwenye nyasi unajaribu kwenda njia moja. Hapo ndo kasheshe, maana miguuni unaendesha usukani wa mkia, ukichelewa kidogo tu ndege inazunguka kama pia, breki hakuna. Ukishaweza kunyoosha ndo unapewa yenye mbawa nzima, unarukaruka kidogo kidogo, na bado uko peke yako.

Wamarekani nao 1918 wakatengeneza ya kwao, Breese Penguin, injini ya silinda mbili yenye nguvu za farasi 28, wakaunda kama 300 hivi, ila zilizotumika ni chache mno nyingine zikakaa stoo. Kama kuna kosa la hesabu basi mi naona lilikuwa hapo kwenye oda, sio kwenye mbawa.